Chuo Kinapoingia Katika Simu: Mhadhara Una Kazi Gani kwa Vijana wa Fizi na Baraka?

Katika Fizi na Baraka, kama katika miji mingi midogo ya mashariki ya Congo, masomo ya chuo yametegemea kwa miaka mingi profesa anayesafiri. Anatoka Bukavu au mji mwingine mkubwa, anashuka hadi Uvira, anafuata barabara ya kando ya ziwa, anafika Baraka na silabisi yake mkobani. Anafundisha asubuhi na mchana kwa siku chache, anatoa mtihani, anarudi. Kozi iliyopaswa kuenda polepole kwa miezi inamalizika kwa juma moja au mawili, na wanafunzi wanabaki na daftari iliyojaa na kichwa kilichochoka.

Safari hiyo haikuwa nyepesi hata zamani. Mvua ikinyesha sana, mito inayoshuka kutoka milimani inakata barabara, na usalama wa njiani haukuwa wa kutegemea. Lakini tangu mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, mambo yamekuwa magumu zaidi. Jimbo letu limegawanyika, na mwalimu anayeishi upande mmoja hana hakika ya kufika upande wa pili. Familia zimehama. Wanafunzi waliokuwa wameanza Bukavu wamerudi kwa wazazi wao bila kumaliza.

Ndiyo sababu siku hizi, katika vyuo na hata katika shule za Biblia za jumuiya zetu, jibu moja linasikika mara nyingi: tusome kwa intaneti. Ni jibu lenye akili. Lakini kila linapotolewa, watu huwa wanafikiria kitu kimoja tu: profesa yule yule, akitoa maneno yale yale, kwa saa zile zile, ila sasa uso wake uko ndani ya simu. Makala hii inataka kuuliza kama hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Je, mhadhara, yaani lile fundisho refu ambalo profesa analitoa huku wanafunzi wakisikiliza na kuandika, ndio moyo wa chuo? Ukiwekwa katika simu, unabeba nini, na nini kinabaki njiani?

Swali hili linagusa mifuko ya wazazi wanaouza samaki na mihogo ili kulipa ada. Linagusa pia wachungaji na wauguzi tutakaokuwa nao miaka kumi ijayo.

MHADHARA ULIANZA KWA SABABU YA UKOSEFU WA VITABU

Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya vilianza kabla ya mashine ya kuchapa. Kitabu kiliandikwa kwa mkono, bei yake ilikuwa kubwa, na mara nyingi mwalimu peke yake ndiye aliyekuwa nacho. Basi alisimama mbele, akakisoma na kukieleza, na wanafunzi wakanakili. Hata neno ambalo Waingereza wanatumia kwa mhadhara linatokana na neno la Kilatini la kusoma. Mhadhara ulikuwa njia ya kuhamisha kitabu kimoja kiingie katika daftari nyingi.

Mtu aliyesoma chuo katika nchi yetu anaitambua picha hiyo mara moja. Profesa anasoma silabisi, wanafunzi wanaandika. Anarudia sentensi mara mbili ili wa nyuma wapate. Hatuwezi kuwalaumu walimu, kwa sababu katika mji usio na maktaba ya chuo wala duka la vitabu vya sayansi, kuandikisha ndiyo njia iliyokuwepo. Kazi kubwa ya saa za darasani ilikuwa kuziba pengo la vitabu.

Sasa simu inaleta badiliko moja la kweli. Silabisi nzima ya kurasa mia moja inaweza kuingia katika simu ndogo kwa uzito usiozidi mega chache, kama ni maandishi tu. Inaweza kupitishwa kutoka simu hadi simu bila hata intaneti. Pengo lile la zamani, ambalo mhadhara uliumbwa kuliziba, linaweza kuzibwa kwa njia nyingine. Basi kama chuo kinatumia video ya saa mbili ili profesa asome maandishi ambayo mwanafunzi angeweza kuyapata kwa dakika moja, chuo hicho kimehamisha ukosefu wa zamani kikauingiza katika chombo kipya. Na gharama yake ni kubwa zaidi.

HESABU YA MEGA

Tufanye hesabu ambayo kila mzazi anaweza kuifuata. Video ya moja kwa moja ya saa moja, kwa ubora wa kawaida, inaweza kula nusu giga au zaidi. Kozi moja ya saa 30 itakula giga 15. Kwa mwaka, mwanafunzi ana kozi nyingi.

Linganisha na sauti. Odio ya dakika kumi, kama zile tunazotumiana kila siku kwa WhatsApp, haifiki mega 5. Profesa akigawa maelezo yake katika odio 30 za dakika kumi, kozi nzima inakuwa mega 150, yaani sehemu moja kwa mia ya gharama ya video. Tena odio haimlazimishi mtu kuwa mahali penye rezo nzuri saa fulani kamili. Anaipakua asubuhi sokoni Baraka, anaisikiliza jioni Mukera au Fizi centre, anairudia mara tatu kama hakuelewa.

Kuna pia suala la moto wa simu. Sehemu kubwa ya watu wetu wanategemea sola na jenereta, na simu ya mwanafunzi huchajiwa kwa jirani au kwa kibanda cha kulipia. Video ndefu inamaliza betri kabla ya somo kuisha. Na katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ni moja, nayo iko mfukoni mwa baba au kaka. Chuo kikiweka mhadhara saa moja ya jioni, binti anayepika na mama anayelaza watoto wamekwisha kuondolewa darasani, ingawa majina yao yako kwenye orodha na ada yao imelipwa. Hakuna aliyekusudia kuwafungia mlango, lakini ratiba yenyewe imewafungia.

EUTIKO ANAPOLALA NA HAKUNA ANAYEMWONA

Kitabu cha Matendo ya Mitume sura ya 20 kinatupa habari ya somo lililorefuka. Paulo alikuwa Troa, na kesho yake alipaswa kusafiri. Akaendelea kusema mpaka usiku wa manane. Kijana mmoja, Eutiko, alikuwa ameketi dirishani, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka orofa ya tatu.

Wahubiri wetu hupenda kutumia habari hii kuwaonya wanaosinzia kanisani. Tuiangalie kutoka upande wa mwalimu. Paulo alikuwa mtume, na maneno yake yalikuwa ya thamani kuliko ya profesa yeyote, lakini hata hivyo urefu wa fundisho ulimshinda kijana mmoja. Ila Paulo alikuwa chumbani. Watu waliona, yeye mwenyewe akashuka, akamkumbatia yule kijana, na baadaye akapanda tena na kuendelea na mazungumzo hadi alfajiri.

Katika mhadhara wa intaneti, Eutiko anaanguka na hakuna anayesikia kishindo. Kamera imezimwa ili kuokoa mega. Jina lake linaonekana kwenye kioo cha profesa, lakini mwenyewe amelala, au ameenda kuchota maji, au rezo imekatika tangu dakika ya kumi. Profesa anaendelea kusema. Mwisho wa muhula anagundua kwamba wanafunzi kumi hawajaandika mtihani, na hajui ni siku gani aliwapoteza.

Watafiti wamepima jambo hili kwa namna yao. Mwaka 2014, Philip Guo na wenzake walichunguza mamilioni ya mara ambazo wanafunzi wa masomo ya edX walifungua video za walimu wao. Waliona kwamba video zilizo chini ya dakika sita ndizo zilizoshika watu, na kwamba hata video ikiwa ndefu kiasi gani, kwa kawaida mtu alikaa nayo dakika chache tu. Mwaka huo huo Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hesabu, wakalinganisha madarasa ya mhadhara mtupu na madarasa ambamo wanafunzi wanaulizwa, wanajadiliana na kufanya kazi. Katika mhadhara mtupu, uwezekano wa mwanafunzi kushindwa ulikuwa mara moja na nusu ya ule wa darasa lingine.

Tafiti hizo hazikufanywa Fizi. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa na umeme, meza na kompyuta. Lakini kama mwenye umeme na meza hawezi kufuata video ndefu, tutegemee nini kwa yule anayesikiliza chini ya mwembe akihesabu mega zake?

WALIOTUTANGULIA KATIKA NJIA HII

Sisi si wa kwanza kutafuta chuo kwa mbali, na kila mmoja wa waliotangulia ametuachia fundisho.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Afrika kwa Mtandao, ambacho baadaye kilikuwa na makao yake Nairobi. Mwanzoni mihadhara ilirushwa kwa satelaiti kutoka vyuo vya ng'ambo, na wanafunzi wa Afrika waliketi katika vyumba vyao wakiitazama. Baada ya miaka kadhaa chuo kiliendelea mbele zaidi ya njia hiyo, kikatengeneza vitabu vya masomo vilivyo huru kwa kila mtu, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, vilivyoandikwa pamoja na walimu wa vyuo vya Afrika. Sauti kutoka mbinguni, hata ikiwa ya profesa mkubwa, haikutosha. Ilibidi somo lishuke na kuandikwa upya na watu wa mahali.

Kanisa lenyewe lilikuwa limejifunza jambo hilo mapema zaidi. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri wa Guatemala iliona kwamba kuwaleta vijana mjini na kuwafundisha kwa miaka mingi hakujazi makanisa ya vijijini wachungaji. Wengi hawakurudi, na viongozi wa kweli wa makanisa, watu wazima wenye mashamba na familia, hawakuweza kuondoka kwao. Basi seminari ikawafuata. Mwanafunzi alisoma kitabu nyumbani, akafanya kazi ya kanisa lake, na mara kwa mara akakutana na mwalimu na wenzake karibu na kwake. Hiyo ndiyo elimu ya theolojia kwa enezi, ambayo baadaye ilienea katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki.

Mwalimu mmoja wa Marekani, Ted Ward, aliieleza kwa mfano wa ua. Mti mmoja wa kulala ni maarifa ambayo mtu anayapata kwa kusoma. Mti wa pili wa kulala ni kazi anayoifanya. Nguzo zinazosimama na kuishika miti hiyo miwili ni mikutano, pale mwalimu na wanafunzi wanapoketi na kuuliza: tulichosoma kinasema nini juu ya tulichokiona wiki hii? Nguzo zikikosekana, miti inalala chini. Tuangalie kwamba katika mfano huu mhadhara hauna mahali pake peke yake. Mwalimu yuko katika nguzo, naye amekuja kuunganisha.

Karibu na kwetu kuna mifano mingine miwili. Tangu 2010, ndugu zetu Wakatoliki wa shirika la Wajesuiti waliwafungulia masomo ya chuo kwa intaneti wakimbizi wa Kakuma huko Kenya na Dzaleka huko Malawi, ambako Wakongomani ni wengi. Stashahada ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Marekani. Walimu walikuwa ng'ambo, lakini kambini palikuwa na jengo, kompyuta, na watu wa kuwasimamia wanafunzi. Na katika kambi ya Kiziba nchini Rwanda, wanakoishi Wakongomani tangu 1996, shirika la Kepler lilifungua masomo yaliyoongoza kwenye digrii ya Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire. Huko mwanafunzi hakupimwa kwa saa alizomsikiliza profesa. Alipewa kazi ya kufanya, akaifanya mpaka iwe nzuri, huku waongozaji walio karibu wakimsaidia katika vikao vya ana kwa ana.

Ng'ambo ya ziwa letu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992, nacho kina vituo mikoani, Kigoma ikiwemo. Mwanafunzi anasoma kwake, lakini kuna nyumba anayoweza kuingia, mtu wa kumuuliza, na mahali pa kufanyia mtihani.

Njia hizi ni mbalimbali, lakini katika zote nne zilizodumu, elimu ya enezi, Dzaleka, Kiziba na Kigoma, mwanafunzi wa mbali alikuwa na mahali pa karibu na watu wa karibu. Hakuna iliyomwacha mtu peke yake na sauti ya mhadhara.

KAZI INAYOBAKI KWA MHADHARA

Je, tuutupe mhadhara? Hapana. Katika hali yetu una kazi ambazo maandishi peke yake hayawezi.

Ya kwanza ni lugha. Vitabu na silabisi zetu ni vya Kifaransa. Wanafunzi wengi wa Fizi wanafikiri kwa Kibembe, Kifuliru au Kinyamulenge, wanajadiliana kwa Kiswahili, na wanaandika mtihani kwa Kifaransa. Mwalimu mzuri huvuka daraja hilo mbele yao. Anasoma neno gumu, analieleza kwa Kiswahili, anatoa mfano wa uvuvi au wa shamba, kisha anarudi kwenye Kifaransa. Towashi wa Kushi alikuwa na kitabu cha Isaya mkononi, na alijua kusoma. Bado alimhitaji Filipo apande garini. Odio ya dakika nane ya Kiswahili inayofungua sura ya Kifaransa ni msaada mkubwa kuliko video ya saa mbili inayosoma sura hiyo hiyo.

Ya pili ni kumwona mtu akifikiri. Katika hesabu, katika uchunguzi wa ugonjwa, katika kufasiri Maandiko, mwanafunzi anahitaji kumsikia mwenye ujuzi akianza, akisita, akijiuliza, akirudi nyuma, akipata njia. Kitabu huonyesha jibu lililokwisha kupangwa. Sauti huonyesha njia.

Ya tatu ni moyo. Vijana wetu wanasoma huku wakisikia habari za vita kila siku. Sauti ya mwalimu anayewajua, anayewaita kwa majina mwanzoni mwa juma na kuwaambia kazi ya juma hilo ni hii, inawashika pamoja. Mhubiri anaijua nguvu hiyo. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa nane kwa sababu ya Covid-19, watu waliomboleza kukosa sauti waliyoizoea, na wengi waliitafuta kwa redio. Lakini miezi ile ilitufundisha pia mpaka wa sauti. Mahubiri yalifika nyumbani, lakini kumshika mkono mfiwa hakukufika. Mzee aliyeandika waraka wa pili wa Yohana alikuwa na maneno mengi ya kuandika, na bado alitaka kuja mwenyewe na kusema uso kwa uso.

Basi mhadhara wa intaneti uwe mfupi, uwe wa sauti zaidi kuliko video, ufungue jambo na kuwapa wanafunzi kazi. Saa ambazo profesa anapatikana moja kwa moja zisitumiwe kusoma silabisi. Zitumiwe kwa maswali na kusahihisha. Bwana Yesu akiwa na miaka kumi na miwili, Luka anatuambia kwamba alikutwa kati ya walimu akisikiliza na kuuliza. Masomo yetu mengi yanatoa nafasi kwa jambo la kwanza tu.

Mfumo wa LMD, ambao vyuo vya nchi yetu vimeingia, unatusaidia hapa. Kredi 60 za mwaka zinahesabu kazi yote ya mwanafunzi: kusoma, kuandika, kufanya mazoezi, pamoja na saa za kukaa mbele ya mwalimu. Chuo kinachodhani kwamba kimemaliza kozi kwa sababu profesa amemaliza kusema hakijauelewa mfumo huo.

MAMBO AMBAYO SIMU HAIYAWEZI

Tuwe wakweli. Hospitali kuu ya Nundu, inayosimamiwa na ndugu zetu Wamethodisti Huru, inahitaji wauguzi wanaojua kuzuia damu ya mama aliyejifungua. Mhadhara unaweza kueleza sababu za damu hiyo na hatua za kuchukua. Hauwezi kuufundisha mkono. Vivyo hivyo kwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye hawezi kujua kama anafundisha vizuri mpaka asimame mbele ya watoto na mtu mwingine amwangalie. Chuo chochote cha intaneti kinachoahidi uuguzi bila wodi, au ualimu bila darasa, kiogopwe.

Kuogopwa pia ni wauzaji wa vyeti. Mahali ambapo watu wana kiu ya masomo na barabara zimefungwa, watatokea watu wa kuuza diploma kwa simu. Kabla ya kulipa, mzazi aulize mambo matatu. Je, chuo hiki kinatambuliwa na wizara ya elimu ya juu? Ni nani atakayesoma na kusahihisha kazi ya mtoto wangu, na kwa muda gani? Mtihani utafanyika wapi? Asiyeweza kujibu hana chuo, hata kama video zake zinapendeza.

KANISA LINAWEZA KUFANYA NINI

Hapa ndipo jambo hili linatoka mikononi mwa maprofesa na kuingia mikononi mwetu. Fizi haina majengo mengi ya chuo, lakini kila kijiji kina kanisa. Jengo hilo mara nyingi liko tupu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mchana. Wengi wetu tumekwisha kuweka sola juu ya paa kwa ajili ya vyombo vya muziki. Kinachohitajika ili jengo hilo liwe nguzo ya ua ni kidogo.

Meza moja na mahali pa kuchajia simu za wanafunzi bure. Simu moja ya kanisa, au kompyuta moja, ya kupakulia masomo mara moja kwa wote, kisha kuyagawa kwa kadi ya memori, ili kila mmoja asinunue mega zake kwa ajili ya faili ile ile. Saa mbili kwa juma, mchana, wakati ambao mabinti na wamama wanaweza kutoka, ili wanafunzi wa chuo wakutane hata kama wanasoma kozi tofauti. Na mtu mmoja wa kuwaongoza. Mwalimu wa sekondari aliyestaafu anatosha, au muuguzi, au mchungaji aliyesoma. Hahitaji kujua kila kozi. Kazi yake ni kuuliza kila mmoja: umesoma nini juma hili, umekwama wapi, tumuulize profesa nini? Maswali hayo yakikusanywa na kutumwa kwa odio moja, profesa aliye mbali anajua Eutiko wake ni nani kabla hajaanguka.

Tunao pia watu wetu walio mbali. Wakimbizi wengi kutoka Fizi waliopita Nyarugusu wanaishi leo Marekani, Canada na Australia, na kati yao wapo waliosomea uuguzi, hesabu, ualimu na teknolojia. Kila mwaka wanatuma pesa za kujenga makanisa. Tunaweza kuwaomba pia saa moja ya sauti yao kwa mwezi, kwa Kiswahili au Kibembe, juu ya jambo wanalolijua.

Kazi hii haihitaji kungoja amani ya nchi nzima. Lakini inahitaji makubaliano kati ya jumuiya. Kijana Mpentekoste wa Baraka asikatazwe kuchaji simu yake kwa Wamethodisti, wala binti wa Kinyamulenge asiogope kuingia katika chumba cha masomo cha Wabembe. Tunajua sote kwamba hilo la mwisho ni gumu kuliko sola na mega. Meza ya masomo inaweza kuwa mahali pa kuanzia, kwa sababu watu waliokwama katika zoezi moja la hesabu wanahitajiana.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KANISA LENU

1. Kati ya vijana wa kanisa letu, ni wangapi waliacha chuo tangu 2025, na ni nani amewatembelea?

2. Jengo letu liko wazi saa ngapi kwa juma, na linaweza kuwa wazi kwa wanafunzi lini?

3. Ni nani kati yetu anayeweza kuwaongoza wanafunzi, hata kama hana digrii?

4. Shule yetu ya Biblia ikifundisha kwa simu, ni sehemu gani ya masomo tunayoweza kuitoa kwa maandishi na odio, na ni sehemu gani lazima tukutane?

Bwana awape walimu wetu hekima ya kusema kwa kifupi na uvumilivu wa kusikiliza kwa muda mrefu. Na awalinde vijana wanaosoma usiku huu, kila mmoja na kitaa chake, katika Fizi na Baraka.